Ukengeufu, tofauti za kijamii na teknolojia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa Lubumbashi

Kila mwaka wa masomo ukianza, maswali ni yaleyale. Nayakuta kwenye korido baada ya kozi yangu ya sosholojia, yaani elimu ya jamii, kwenye WhatsApp saa nne za usiku, na hata nje ya kanisa huko Katuba, ambako mzazi anayelipa minervali (ada ya masomo) anataka kujua mtoto wake anasoma kitu gani. Nimeyakusanya hapa kwa Kiswahili, kwa sababu nimeona mara nyingi mwanafunzi akikariri neno la Kifaransa kwa ufasaha bila kuweza kumweleza mama yake maana yake.

## Mambo ya msingi

1. Sosholojia itanifundisha nini nisichokijua, wakati nimezaliwa na kukulia katika jamii hii?

Panda basi dogo kutoka mjini kwenda Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si nchi) saa kumi na moja jioni. Aliyebanwa kiti cha nyuma anatoa noti ya franka. Inapita mikononi mwa watu wanne wasiojuana mpaka imfikie reseveri (kondakta), na chenji inarudi kwa njia ileile. Hakuna aliyefundishwa hilo shuleni, hakuna askari anayelisimamia, na noti haipotei.

Wewe umeshafanya hivyo mara elfu. Sosholojia inaanza siku unapojiuliza ni nini kinachoizuia noti ile isipotee njiani, na kwa nini watu walewale wanne, wakikutana kwenye foleni ya ofisi fulani, hawaaminiani hata kwa kalamu.

2. Kaida na sheria vinatofautianaje?

Kaida ni matarajio ya kundi kuhusu namna ya kutenda. Nyingine ni nyepesi: ukila bukari (ugali) kwa uma mbele ya bibi yako utachekwa tu, basi. Nyingine ni nzito: usipofika kwenye kilio cha jirani mnayetenganishwa na ukuta mmoja, siku yako ikifika utalia peke yako, na watu watakukumbusha. Sheria ni kaida iliyoandikwa, yenye polisi na mahakama nyuma yake.

Msidhani iliyoandikwa ndiyo yenye nguvu siku zote. Kila Mkongo anaijua "Artikle 15", yaani jipange mwenyewe, usimngoje mtu. Lakini ukiifungua Katiba ya 2006, kifungu cha 15 kinazungumzia wajibu wa serikali wa kukomesha ukatili wa kingono. Wanaokijua hicho kilichoandikwa ni wachache sana, na wanaoishi kwa kile kisichoandikwa ni mamilioni. Ukielewa jambo hilo vizuri umeshaelewa robo ya kozi.

3. Ukengeufu ni sawa na uhalifu?

Hapana. Ukengeufu ni kwenda kinyume na kaida za kundi kiasi kwamba watu wanashtuka, wanasema au wanaadhibu. Uhalifu ni kuvunja sheria ya nchi. Mara nyingine vinakutana, kama katika wizi wa kutumia silaha. Mara nyingine haviko pamoja hata kidogo.

Mwanaume wa miaka arobaini anayekataa kuoa hajavunja sheria yoyote, lakini kila sikukuu ya familia anahojiwa kama mshtakiwa. Kwa upande mwingine, dereva anayemwachia polisi wa barabarani matabishi (hongo ndogo) amevunja sheria waziwazi, na abiria wote wanatazama mbele wakiona amechelewesha safari kidogo tu. Kinachowashtua ni dereva anayekataa kutoa.

## Kuhusu ukengeufu

4. Kwa nini kitendo kimoja ni kosa mahali fulani na si kosa pengine?

Kwa sababu kosa halikai ndani ya kitendo peke yake. Linategemea ni nani aliyetenda, wapi, lini, mbele ya nani, na ni nani mwenye uwezo wa kutamka kwamba hilo ni kosa. Nyumbani tukisema "kiti inavunjika" hakuna anayeinua kichwa. Andika hivyo kwenye mtihani wa Kiswahili uone kalamu nyekundu.

Mji wetu wenyewe ni somo. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na wakoloni waliigawa: mji wa Wazungu upande mmoja, makazi ya Waafrika upande mwingine, na kati yao ukanda mtupu ulioitwa "zone neutre", yaani eneo lisilo la upande wowote, kwa hoja ya kuwakinga Wazungu na magonjwa. Mwafrika aliyekutwa upande wa Wazungu usiku bila kibali alikuwa amefanya kosa. Mzungu aliyekuwa akitembea barabara hiyohiyo, saa hiyohiyo, alikuwa anapunga upepo. Miguu ni ileile na vumbi ni lilelile.

Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na hapa mjini walipigwa risasi. Kwa utawala wa wakati ule ulikuwa uasi. Leo mgomo ni haki iliyoandikwa katika Katiba. Kwa hiyo mwanafunzi akiniambia "hicho ni kitendo kibaya tu, kwa asili yake", namuuliza kwanza: kibaya kwa kanuni iliyowekwa na nani?

5. Durkheim alimaanisha nini aliposema uhalifu ni jambo la kawaida? Anausifia?

Hausifii. Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, aliandika mwaka 1895 kwamba hakuna jamii isiyo na uhalifu, kwa hiyo uhalifu ni sehemu ya maisha ya jamii kama maumivu yalivyo sehemu ya maisha ya mwili. Alitoa mfano wa nyumba ya watawa watakatifu kabisa: hapo hakuna mauaji, lakini kosa dogo ambalo sisi tusingeligeukia litawatikisa kama jinai kubwa.

Alitaja pia kazi za uhalifu katika jamii. Mwizi akikamatwa mtaani na majirani wakatoka kulaani, wanakumbushana mpaka uko wapi. Na wakati mwingine mkengeufu wa leo anatangulia maadili ya kesho. Durkheim alimtaja Sokrates, aliyehukumiwa kwa kuwaza kwa uhuru. Lakini ukengeufu ukizidi kipimo na kanuni zikakosa nguvu, Durkheim aliita hali hiyo anomia: watu hawajui tena wategemee nini kwa nani.

6. Nadharia ya Merton inafanyaje kazi hapa kwetu?

Hii ndiyo ninayoulizwa kuliko zote, na nadhani ni kwa sababu wanafunzi wanajiona ndani yake. Robert Merton, Mmarekani, aliandika mwaka 1938 kwamba jamii inawawekea watu wote lengo moja, kisha inawapa wachache tu njia halali ya kulifikia. Hapa lengo tunalijua: nyumba ya matofali ya kuchoma, lango la chuma, gari, watoto shule nzuri. Njia halali tunayohubiriwa ni diploma halafu kazi. Sasa hesabu walio na diploma mtaani kwenu, kisha hesabu walio na kazi.

Katika pengo hilo watu wanashika njia tano. Wapo wanaotii: wanalitaka lengo na wanaishikilia njia, kama mwanafunzi anayeuza mikate asubuhi na kusoma jioni. Wapo wanaobuni: lengo wanalo, njia wanajitafutia, kama kijana anayekata nyaya za shaba usiku, au anayetuma ujumbe wa uongo kwamba pesa imeingia kwenye simu yako kimakosa na anaomba umrudishie. Wapo wanaoshika utaratibu na kusahau lengo: mtumishi wa serikali anayefika ofisini kila asubuhi, shati limepigwa pasi, anafungua rejista ambayo hakuna anayekuja kuiandika, na hategemei tena mshahara ule umfikishe popote. Wapo waliojitoa kwa vyote viwili, wakazama kwenye pombe kali za viroba. Na wapo waasi, wanaokataa lengo na njia na kutaka kuweka vingine.

Merton hakusema kubuni ni uovu daima. Alisema njia hiyo haijaidhinishwa. Mama anayeuza barabarani bila kibali yumo kundi hilohilo la wabunifu, na mimi nimekula kwa mama wa namna hiyo miaka yote ya masomo.

7. Basi maskini ndio wanaofanya uhalifu zaidi?

Maskini ndio wanaokamatwa zaidi, na hilo ni jambo tofauti. Mwaka 1939 Edwin Sutherland alisimama mbele ya wanasosholojia wenzake wa Marekani akawaambia wamekuwa wakiangalia upande mmoja: kuna uhalifu wa watu wenye heshima, unaofanyika ndani ya kazi zao, kwa kalamu, kwa saini na kwa ankara. Hauonekani mtaani, hauchunguzwi na polisi wa doria, na mara nyingi unamalizwa kwa faini au kwa barua.

Takwimu za gereza zinakueleza mambo mawili kwa wakati mmoja: waliofungwa walifanya nini, na mfumo uliamua kumtafuta nani. Anayesoma la kwanza tu atamaliza kozi akiwa amejifunza kuwaogopa majirani zake.

8. Jina linaweza kweli kumfanya mtu awe mkengeufu?

Chukua mtoto wa miaka kumi, mama amefariki, analelewa na shangazi. Mwaka huo baba mkubwa anapoteza kazi, mtoto mwingine anaugua. Siku moja mtu anatamka: huyu mtoto ni mlozi. Kuanzia hapo kila anachofanya kinasomwa upya. Akiamka usiku kwenda haja, alikuwa anatoka kuloga. Akila sana, anakula na wenzake wasioonekana. Akinyamaza, anaficha. Anapigwa, anakimbia, analala sokoni, na sasa anapewa jina la pili: shege, mtoto wa mtaani. Ili ale, anaiba ndizi. Watu wanasema, si tulijua?

Edwin Lemert, mwaka 1951, alitenganisha hatua mbili. Ukengeufu wa kwanza ni kosa dogo la kupita, ambalo karibu kila mtu analo. Ukengeufu wa pili unazaliwa mtu anapoanza kuishi kulingana na jina alilopewa, kwa sababu milango mingine imefungwa. Howard Becker, mwaka 1963, akasisitiza kwamba mkengeufu ni yule ambaye jina limebandikwa juu yake likamganda. Katika mfano wangu, hatua ya kwanza haikuwepo hata kidogo. Mtoto alianzia kwenye jina.

Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inakataza kumtuhumu mtoto uchawi na inaweka adhabu. Sheria hiyo ipo. Watoto wale pia wapo, na ukipita karibu na masoko yetu asubuhi mapema utawakuta wakikunja maboksi waliyolalia. Wengi wana jina la ubatizo ambalo hakuna aliyewauliza kwa muda mrefu. Ukiuliza, wanasita kabla ya kujibu.

9. Kwa hiyo hakuna mwenye kosa, yote ni majina tu?

Hapana, na tafadhali msiandike hivyo kwenye mtihani. Aliyeporwa simu ameporwa. Nadharia hii inaeleza jinsi kundi linavyochagua nani wa kumwita mwizi na linachomtendea baadaye. Haielezi vizuri kwa nini mtu aliiba mara ya kwanza. Hapo rudi kwa Merton (swali la 6), au kwa Travis Hirschi, ambaye mwaka 1969 aligeuza swali akauliza kwa nini wengi wetu hatuibi. Jibu lake: tuna watu tunaoogopa kuwahuzunisha, tuna tulichokwisha kukijenga, tuna shughuli, tuna imani.

## Kuhusu tofauti za kijamii

10. Kila tofauti kati ya watu ni dhuluma?

Mmoja ni mrefu, mwingine mfupi. Mmoja anaimba, mwingine hesabu zinamtii. Hizo ni tofauti tu. Zinageuka utabaka pale zinapopangwa ngazi kwa ngazi, zikafungua au kufunga njia ya chakula, matibabu, elimu na heshima, kisha zikarithishwa. Kinachoangaliwa ni urithi huo: je, ukijua mtoto amezaliwa wapi unaweza kubashiri atakufa akiwa nani?

11. Marx na Weber wanatofautiana wapi?

Karl Marx anakuuliza swali moja: unamiliki mgodi, au unauza nguvu zako mgodini? Tabaka linatokana na nafasi yako katika uzalishaji. Max Weber anakubali kwamba mali ni muhimu, ila anaongeza mizani miwili: heshima na mamlaka. Mizani hii haiendi pamoja siku zote. Mchungaji anaweza kuwa na heshima kubwa na mfuko mtupu, na mfanyabiashara wa madini akawa na pesa ambazo familia ya mchumba inazipokea huku ikikunja pua.

Historia yetu inamsaidia Weber. Kuanzia 1948 wakoloni walitoa kadi ya sifa ya uraia kwa Wakongo waliowaita waliostaarabika, na mwaka 1952 wakaongeza daraja la juu zaidi la usajili. Mwombaji alichunguzwa mpaka nyumbani kwake jinsi anavyoishi. Kadi ile haikumpa mgodi, lakini ilimtenga na jirani yake, na wapo waliotamani kuipata kwa moyo wote.

12. Watoto wawili wana akili sawa, mmoja wa Golf (mtaa wa wenye nacho) na mmoja wa Katuba (mtaa wa watu wa kawaida). Kwa nini mara nyingi wa Golf ndiye anayefika mbali?

Pesa ni sehemu ya jibu. Pierre Bourdieu alieleza sehemu nyingine, aliyoiita mtaji wa kiutamaduni: lugha, vitabu, namna ya kukaa, namna ya kumjibu profesa. Mtoto wa Golf anafika shuleni akiota kwa Kifaransa. Mtoto wa Katuba anafika akiwa na Kiswahili safi cha mji, hadithi nyingi, hesabu za sokoni kichwani, na vyote hivyo shule haina mahali pa kuviandika. Mwalimu anasema mmoja "ana kipaji" na mwingine "ni mzito". Tofauti ya nyumbani imebadilishwa kuwa tofauti ya akili, na mtoto mwenyewe anaiamini. Nami niliiamini kwa miaka miwili. Nilikuwa naandika jibu kichwani kwa Kiswahili, nikiligeuza kwa Kifaransa, na nikimaliza kuligeuza mwalimu alikuwa ameshamgeukia mwingine.

Elimu ya msingi bila malipo imo katika Katiba, kifungu cha 43, na ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Iliondoa kizuizi cha ada kwa watoto wengi. Mtaji wa Bourdieu hauondolewi kwa ada.

13. Bila tofauti za mishahara, nani angesomea udaktari?

Hoja hiyo ni ya Kingsley Davis na Wilbert Moore, 1945: kazi muhimu na ngumu zilipwe zaidi ili ziwavute wenye uwezo. Melvin Tumin aliwajibu mwaka 1953 kwamba ngazi hizo zenyewe zinazuia vipaji vya chini visionekane. Nami naongeza: mpime mwalimu wa shule ya msingi kwa kipimo cha Davis na Moore, kisha mtazame bahasha yake ya mshahara.

14. Kwa nini mnazungumzia wanawake peke yao? Umaskini si mmoja?

Kwa sababu mizigo hujumlishana. Kimberlé Crenshaw, mwanasheria wa Marekani, alionyesha mwaka 1989 kwamba mwanamke mweusi kazini anaweza kubaguliwa kwa namna ambayo huioni ukiangalia rangi peke yake au jinsia peke yake. Kwetu, mwanamke anayeosha mawe ya madini mtoni ni maskini kama mchimbaji, ila kwa kawaida analipwa chini yake, haruhusiwi kuukaribia mdomo wa shimo kwa imani kwamba madini yatakimbia, na jioni bukari inamngoja yeye apike.

Sheria nayo ilichangia. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kwa vitendo vya kisheria vinavyomfunga. Sharti hilo liliondolewa na marekebisho ya 2016. Wapo mama zetu waliofanya biashara karibu miaka thelathini huku saini yao ikihitaji saini nyingine.

15. Mtu anaweza kushuka tabaka kwa siku moja?

Anaweza, na kuna kizazi kizima Katanga kilichoshuka hivyo. Union Minière, iliyoundwa 1906 na baada ya uhuru ikataifishwa kuwa Gécamines, haikutoa mshahara tu. Ilitoa nyumba, unga, shule ya watoto, hospitali, hata timu ya mpira. Uzalishaji ulipoporomoka miaka ya 1990, yote hayo yaliporomoka pamoja nao. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Familia zilipoteza kipato, na pamoja nacho zikapoteza jibu la swali "baba yako anafanya wapi?" Baadhi ya wana wao ndio mnaowakuta leo kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo.

## Kuhusu teknolojia

16. Teknolojia ni kompyuta na simu tu?

Ni zana, ujuzi wa kuitumia, na mpangilio wa watu unaoizunguka. Karne nyingi kabla ya reli, wafua shaba wa Katanga walimimina shaba katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha katika biashara ya mbali. Hapo palikuwa na tanuru, siri za kazi, wazee waliozilinda na wanunuzi walioikubali misalaba hiyo. Vyote hivyo ni teknolojia.

17. Teknolojia inabadilisha jamii, au jamii inabadilisha teknolojia?

Kila upande una wafuasi. Wanaosema zana inaamua yote wanakutana na tatizo wakitoka nje. Simama mbele ya kabini (kituo cha kutuma pesa kwa simu) moja ya Kenya: mwavuli uliopauka, meza ya mbao, simu nne ndogo, moja kwa kila mtandao, zimefungwa mpira wa manjano ili kifuniko cha betri kisianguke. Kando kuna daftari la mistari. Humo mwenye kabini anaandika kwa kalamu jina, namba na kiasi cha kila mteja, kwa sababu mtandao ukikataa kutoa uthibitisho, daftari ndilo hakimu. Mteja mzee anampa simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti.

Waliobuni huduma ya pesa kwa simu, kama M-Pesa iliyoanza Kenya ya Nairobi mwaka 2007, walikusudia mtu na simu yake. Hapa komini ya Kenya kuna mtu, simu, mwenye kabini, daftari, na uaminifu wa mtaa. Teknolojia ilikuja, na mtaa ukaipangia kiti chake.

18. Pengo la kidijitali ni kukosa simu?

Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza. Ya pili ni kujua kuitumia. Ya tatu ni faida unayoipata baada ya kuitumia: watu wawili wana simu za aina moja, mmoja anaomba nayo ufadhili wa masomo, mwingine anapitisha nayo usiku.

Mwaka jana kwenye kundi langu kulikuwa na mwanafunzi mwenye kioo cha simu kilichopasuka kama utando wa buibui, pembe moja haisomeki kabisa. Notisi za kozi zilitumwa kwa picha. Alikuwa akinunua megabaiti za siku moja, anapakua zote usiku wakati bei iko chini, kisha anazinakili kwa mkono kabla simu haijazima, kwani kwao umeme ulikuja mara mbili kwa wiki. Neno lililoangukia kwenye pembe ile aliliacha wazi na kuja kuniuliza asubuhi. Mwenzake aliyekaa mbele yake alikuwa na kompyuta ya mapajani. Mtihani ulikuwa mmoja. Ukiuliza kama wote wawili "wana intaneti", jibu ni ndiyo, na jibu hilo halina maana yoyote.

19. Kwa nini sheria inachelewa kila mara?

William Ogburn alilipa jambo hili jina la "ucheleweshaji wa kiutamaduni" mwaka 1922: zana hubadilika haraka, na desturi, sheria na maadili hufuata kwa kuchechemea. Wakongo tulikuwa tunatumiana pesa, picha na matusi kwa simu kwa miaka mingi kabla ya Kanuni ya Kidijitali kutolewa Machi 2023.

20. Je, mitandao imezaa ukengeufu mpya?

Utapeli ni wa zamani. Umepata miguu mirefu. Kilicho kipya ni kasi ya hofu. Stanley Cohen, mwaka 1972, alieleza jinsi magazeti ya Uingereza yalivyokuza ugomvi wa vijana kwenye miji ya pwani mpaka kundi zima likaonekana adui wa taifa. Leo kazi hiyo inafanywa na sauti ya sekunde thelathini kwenye WhatsApp. Mtu mmoja juu ya pikipiki akipora mkoba, kabla ya jioni manseba (waendesha pikipiki za abiria) wote wa mji ni majambazi, na kijana aliyenunua pikipiki kwa pesa ya likelemba (mchango wa kupokezana) ya mama yake anakosa abiria. Soma pamoja na swali la 8, kwa sababu jina linalosambazwa kwa simu ni vigumu mno kulifuta.

21. Simu yangu inahusianaje na mchimbaji?

Kongo inachimba kama asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, nyingi ikitoka Katanga ya zamani, hasa upande wa Kolwezi, na kobalti imo katika betri nyingi za simu. Sehemu yake inachimbwa kwa mikono.

Hapa mada zote tatu zinaingia katika shimo moja. Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamruhusu mchimbaji mdogo afanye kazi akiwa na kadi, ndani ya maeneo yaliyotengwa tu. Maeneo hayo ni machache na mara nyingi hayana madini ya kufikiwa kwa sururu, kwa hiyo anachimba kwenye ardhi ya kampuni, na jina lake linakuwa mvamizi. Alichimba baba yake palepale akiwa mwajiriwa. Madini yakishapimwa, bei anatajiwa na mnunuzi mwenye mashine. Yeye hana mashine ya kubishana nayo. Kisha jiwe linasafiri, linasafishwa, linarudi likiwa simu ambayo mwanafunzi wangu anainunua kwa kulipa kidogo kidogo.

## Maswali ya pembeni

22. Serikali ikikata intaneti, nani amekengeuka?

Baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima na ikarudi Januari 2019. Waliokata walitaja usalama na habari za uongo. Wananchi waliokuwa na biashara, wagonjwa na ndugu wa mbali waliona kaida imevunjwa na mlinzi wake. Sosholojia inakuruhusu kusema kwamba taasisi pia hukengeuka. Inakutaka tu uonyeshe kaida ipi, na ni nani alikuwa akiitegemea.

23. Mbona familia yangu inaniona mimi ndiye mkengeufu kwa kusoma sosholojia?

Ulitegemewa uhandisi au udaktari, ukachagua kozi isiyo na koti jeupe. Ni kaida ya familia, na adhabu yake ni mizaha ya Jumapili mezani. Wengi wetu tumeipitia. Waeleze mfano wa noti kwenye basi (swali la 1). Kwa baba yangu ulifanya kazi kuliko nadharia zote.

24. Kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo nataka kuhoji wachimbaji wasio na kadi. Niandike majina yao?

Usiandike. Usiandike hata jina la utani linalojulikana shimoni, wala jina la shimo likiwa na watu wachache. Kazi yako inaweza kusomwa na mtu mwenye uwezo wa kumkamata uliyekula naye. Tumia herufi au jina la kubuni, na weka orodha ya majina halisi mbali na madaftari, au usiwe nayo kabisa.

Usimrekodi kwa simu kabla hajakubali, na mkubaliane mkiwa wawili, si mbele ya mkubwa wake wa kundi. Mwambie kazi hii ni ya nini na kwamba haitampa pesa. Akikuuliza, "Sasa mimi napata nini?", usimdanganye. Nenda saa za mapumziko, nunua maji kwa wote mliokaa nao, na simu yako iache mfukoni mpaka yeye mwenyewe aiulize.